Mstari wa Kumi na Tisa

Gesima,
Kaunti ya Nyamira.
15 Juni 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Duke,

Natumaini barua hii itakufikia huko Thika ukiwa na afya njema, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuacha. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama ni mzima, ingawa goti humsumbua asubuhi za baridi. Nyanya Tryphosa anakusalimu sana na anauliza kama umeshanenepa au bado unafanana na ufito. Mvua imenyesha vizuri na ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mimi niko Kidato cha Tatu, na Mwalimu Momanyi bado husoma insha zangu mbele ya darasa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijafika katikati. Tafadhali soma yote kwanza, ndipo unikasirikie.

Ulipompigia Mama mwezi wa Machi ulimwambia akubali kosa ili mambo yaishe. Ulisema hajazaliwa mchuma chai wa kuishinda kampuni. Simu ikakatika, nawe ukadhani ni mtandao. Haukuwa mtandao, kaka. Mama aliikata mwenyewe. Wewe ulisikia tu kwamba amekamatwa, kwa hiyo acha nikueleze tangu mwanzo.

Kile kilima kilicho juu ya shamba letu, ulichokuwa ukinibeba mgongoni kukipanda, sasa kimebaki nusu. Kampuni ya kokoto hulipua miamba kwa baruti kila siku saa saba mchana. Jiwe moja lilitoboa paa la jiko la Phanice, jirani yetu, likaangukia sufuria ya maharagwe. Maji ya chemchemi ni meupe kama yaliyooshewa unga. Karani wa kituo cha majani chai amemrudishia Mama mzigo wake uliojaa vumbi mara tatu, akisema kiwanda kinanunua chai, hakinunui saruji. Malalamiko yote niliyaandika mimi, kwa chifu, kwa kaunti na kwa ofisi ya mazingira. Hatukujibiwa hata barua moja.

Halafu mwezi wa Februari kaburi la Baba lilipata ufa. Ulianzia upande wa kichwani ukashuka hadi karibu na jina lake. Mama aliuziba kwa saruji. Baada ya wiki ukafunguka, akauziba tena. Ulipofunguka mara ya tatu hakuuziba. Alifunga leso kiunoni akaenda kwa Nyanya Tryphosa, na waliporudi walikuwa wamekubaliana kuita risaga.

Sijui kama huko Thika bado unaikumbuka risaga. Mwenye kazi huwaita majirani, kila mtu huja na jembe lake, na kazi ya wiki nzima huisha asubuhi moja. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama. Kazi yangu ni kuandika jina la kila aliyefika, maana asiyeandikwa ni kama hakuja, na hakuna anayekubali kutoa jasho bure bila kuandikwa. Risaga huwa ya shamba la mtu fulani. Safari hii Nyanya aliita risaga ya barabara, ile ambayo kampuni iliikata katikati ya mashamba manne, na mojawapo ni letu.

Jumatatu tarehe kumi Machi, kabla ya kengele ya shule, walifika kina mama kumi na wawili. Waliilima barabara ile kutoka ukingo hadi ukingo, wakaweka mbolea, wakapanda migomba kwa mistari iliyonyooka. Saa tatu ilipofika, malori manane yalikuwa yamesimama. Dereva wa mbele alichungulia dirishani akawauliza kina mama kama wamewahi kuona ndizi ikizaa barabarani. Nyanya Tryphosa, bila kuinua mgongo, alimjibu kwamba yeye hapo alivuna viazi vitamu miaka thelathini, kwa hiyo aliyepotea njia ni yule mwenye lori. Hata turniboi wake, yule msaidizi wa lori, alicheka.

Polisi walipofika, askari mmoja aliniuliza kwa upole ninaandika nini. Nikampa daftari. Nilifundishwa kumjibu mtu mzima kwa adabu, na sikuona ubaya, kwa kuwa kila risaga huandikwa. Walisoma majina moja baada ya jingine, na kila mama aliyeitwa aliitikia kama wafanyavyo siku zote. Hivyo ndivyo walivyokamatwa. Mimi sikuwa kwenye orodha, kwa sababu katibu hajiandiki. Nilikuwa nimevaa sare, wakaniambia niwahi shule.

Walilala seli siku mbili kabla ya kupewa dhamana. Wameshtakiwa kwa kukusanyika kinyume cha sheria na kuharibu mali ya kampuni. Daftari langu ni kielelezo cha tatu, na kichwa chake nilichokipigia mstari kwa rula bado kinasomeka vizuri: Risaga ya Barabara, Waliofika. Hakimu alipowauliza kama mashtaka ni kweli, kila mmoja alisema si kweli. Nyanya alisema ni kweli amelima, ila si kweli kwamba hiyo mali ni ya kampuni, na akamwomba karani aandike yote mawili. Hakimu mwenyewe aliinamisha kichwa ili asionekane akitabasamu.

Kuna jambo litakalokufurahisha. Migomba nayo ni vielelezo, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuigusa mpaka kesi iishe. Malori yanazunguka njia ya mbali, na migomba imetoa majani mapya makubwa. Nyanya huimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Akiulizwa, anasema anatunza ushahidi wa serikali.

Sasa ninafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Tarehe ishirini na mbili Mei kesi ilisikizwa tena, nami Mwalimu Momanyi aliniruhusu kwenda. Shahidi wa kampuni alikuwa Bwana Lewis, yule wa kofia ya bluu anayeshughulika na wanavijiji. Alisema machimbo na barabara vilikubaliwa na jamii yenyewe mwaka 2023, akatoa karatasi yenye majina arobaini na moja na sahihi zake. Aliyasoma kwa sauti. Mstari wa kumi na tisa ulikuwa Duke Nyangau. Mama alikuwa kizimbani. Hakugeuka kunitazama, lakini niliona mikono yake ikiachia ukingo wa mbao. Jioni ile alifika nyumbani akaigeuza picha yako iliyo juu ya kabati, ikatazama ukuta. Aliamini kwamba uliikubali kampuni kisirisiri, kisha ukamwambia akubali kosa.

Kaka, hukuweka sahihi yoyote. Niliiweka mimi.

Nilikuwa Kidato cha Kwanza. Kulikuwa na mkutano uwanjani, soda na mkate kwa kila mtu. Bwana Lewis alisifu mwandiko wangu, akaniomba niwasaidie wazee kuandika majina ili soda zigawanywe kwa haki. Juu ya karatasi hapakuwa na maneno yoyote, ila namba tu. Tulipofika kwetu alisema kila boma linapaswa kuwa na jina la mwanamume. Baba alikuwa amezikwa miezi michache tu kabla ya hapo, nawe ulikuwa umeondoka. Nikaandika jina lako, na nikaweka sahihi yako jinsi ulivyoiweka kwenye kitabu cha mazishi, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Nilijivuna kwamba nimeiweza. Soda yako ilikuwa ya machungwa. Niliinywa mimi.

Siku ile mahakamani karatasi yao na daftari langu vililala pamoja juu ya meza. Mwandiko ni mmoja. Hakuna aliyegundua isipokuwa mimi, na wiki tatu nilinyamaza. Niliogopa jela, na zaidi niliogopa uso wa Mama.

Leo asubuhi nilimwambia. Hakunipiga wala hakunifokea. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akapanda kwenye kiti akaigeuza picha yako, akaifuta vumbi kwa ncha ya leso.

Mchana tulimpigia Bwana Anyona, wakili anayewatetea kina mama bila malipo. Anasema karatasi ile ndiyo nguzo ya kampuni, na kwamba nikikubali kuwa shahidi wataniuliza ni nani aliyenifundisha kuiga sahihi za watu. Nimekubali. Wakiniuliza, nitasema hakuna aliyenifundisha, ila mwenye kofia ya bluu alinishikia karatasi isipeperushwe na upepo. Tena nitawaambia waongeze jina la kumi na tatu kwenye kielelezo cha tatu, kwa sababu shimo la mgomba wa mwisho nililichimba mimi, nikiwa na viatu vyangu vya shule. Bwana Anyona alisema hilo si la lazima. Mimi naona ni la lazima.

Kesi ni tarehe kumi Julai, saa tatu asubuhi, mjini Nyamira. Uje, kaka. Lete kitambulisho, usimame mbele ya hakimu useme kwamba hukuwapo na hukukubali. Mama hatakuomba, unamjua. Mimi ndiye ninayekuomba, na nikikosa msamaha wako nitaelewa, lakini uje hata ukiwa na hasira.

Nimenunua daftari jipya la watakaofika siku hiyo. Phanice ameshaandikwa, na wengine kutoka ng'ambo ya mto ambao hawajawahi hata kulima nasi. Mstari wa kwanza nimeuacha wazi. Nimeapa kutokuandikia jina lako tena, kwa hiyo njoo na kalamu yako.

Mama amesema nikuambie ndama hajapewa jina, anakungoja wewe. Nyanya anakutumia baraka zake zote na kukuonya usije na viatu vyeupe, kwa sababu kutoka mahakamani mtapita kupalilia.

Ni mimi dadako akupendaye, niliyekukosea,

Nyanchama