Niandikie Mechi

4 Mei

Kwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Najua u mzima, maana huko kambini mnapimwa mara nyingi kuliko mgonjwa wangu yeyote. Mimi nami ni mzima, ila barakoa imenichubua pua na siku hizi nalala bweni la wauguzi. Nyumbani siingii. Nampelekea mama chakula, nakiweka mlangoni, narudi barabarani, tunasalimiana kwa kupigiana kelele hadi majirani wanachungulia.

Nasikia kocha amekusanya simu zenu kwa sababu kuna mmoja wenu alimnong'oneza mwandishi wa habari kwamba wachezaji wawili wameambukizwa. Haya, basi nitaandika. Dereva wa gari linalopeleka jezi kufuliwa amekubali kuwa posta yetu.

Nina jambo moja tu. Ligi isianze. Wewe ndiye kipa, tena nahodha. Ukisema hudaki, wenzako watakufuata, na wakubwa wa chama cha mpira watakosa la kufanya. Wodi yangu imejaa hadi watu wanalala kwenye machela koridoni. Uwanjani kwenu mmewekewa magari mawili ya wagonjwa yenye mitungi ya oksijeni, yanasubiri mtu ateguke kifundo cha mguu! Jana niliomba mtungi mmoja niazimwe. Nikajibiwa kwamba kanuni za ligi haziruhusu.

Naishia hapa nisije nikakukosea adabu.

Dada yako


7 Mei

Kwako dada,

Shikamoo. Barua imefika ikinukia sabuni ya unga. Nakula, nalala, nadaka. Habari njema zimeishia hapo, maana barua yako imenichefua.

Unaniambia nisicheze kama mtu anayemwambia mwenzake asivae koti. Nina miaka thelathini na sita, dada. Kipa wa akiba ana ishirini na mbili, na kila asubuhi ananiuliza goti langu linaendeleaje kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kiwanja. Nikitoka langoni msimu huu sirudi tena. Unalijua hilo, na bado umeandika.

Halafu unamsahau mkata nyasi, unawasahau wapishi, unamsahau huyohuyo dereva anayekubebea barua zako. Tusipocheza wale nini? Na watu waliofungiwa ndani wakitazamana na kuta wamebaki na furaha gani nyingine? Uwanja utakuwa mtupu. Mazoezini nasikia hadi mate yangu yakitua kwenye nyasi. Nani atamwambukiza nani?

Mama yuko upande wangu. Muulize. Na tafadhali, usiniletee tena ukali wa wodini, mimi si mwanafunzi wako wa uuguzi.

Mdogo wako


28 Mei

Mdogo wangu,

Afya yangu ipo, usiniulize zaidi ya hapo.

Nimekaa kimya tangu mechi yenu na watani kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuwa yanakuja matusi. Siku ile ulipodaka penalti nilikuwa zamu. Sikuhitaji redio. Mtaa wote ulilipuka, honi, masufuria, watu wanabebana mabegani, barakoa zinarushwa juu. Wahudumu wangu wawili walikumbatiana kwenye ngazi, nikawafokea mpaka sauti ikakauka.

"Uwanja utakuwa mtupu." Ndiyo, ulikuwa mtupu. Na baa je? Na vibanda vya televisheni? Na sebule za watu? Mmewatoa kwenye majukwaa yenye hewa na jua mkawajaza vyumbani, halafu mnajisifu kwamba mmefuata masharti.

Leo asubuhi nimempokea kinyozi wa ile kona ya benki. Yule aliyekunyoa ulipoanza sekondari. Alikuja amevaa jezi yako, namba moja mgongoni, anahema kama amekimbia. Alikuwa amelowa jasho, jezi haivuliki, basi nikaikata kwa mkasi kutoka shingoni hadi chini. Mtu wa kwanza kuniambia pole kwa kuikata alikuwa yeye mwenyewe. Hebu fikiri.

Acha kucheza. Sikuombi tena, nakwambia.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo, kwa kuwa nililelewa vizuri.

Kinyozi mpe pole zangu, na nasema kwa moyo. Lakini usinibebeshe wagonjwa wa nchi nzima. Kwani sokoni watu hawabanani? Kwenye foleni ya hospitali yenu je? Na nani anashinda akishika wagonjwa kutwa kisha anakwenda kusimama mbele ya nyumba ya mama? Mimi? Ukitafuta mchawi, anza na kioo chako.

Tena wewe unayesimama barabarani na kupiga kelele, ulijua kwamba televisheni ya mama imeungua? Hukujua. Mimi niliyefungiwa kambini nimejua, kwa sababu amemwambia dereva aniambie. Mechi ile alikwenda kuitazamia kwa fundi cherehani, jirani. Wakampa kiti cha mbele, mama wa kipa. Nilipoidaka penalti sebule nzima ilimwangukia, watu kama ishirini, wakamnyanyua juu na kiti chake. Anasema hajacheka hivyo tangu baba atuache. Tangu siku hiyo hakosi mechi, kiti chake kinamsubiri.

Hicho ndicho unachotaka tukifute. Mwache mama afurahi, dada. Kama wewe umesahau kufurahi, hilo si kosa la mpira.

Mdogo wako


6 Juni

Sina salamu.

Niliposoma "sebule nzima ilimwangukia" nilivua aproni nikakimbia, nikamwachia mwenzangu zamu bila kuaga. Nilimkuta mama amekaa kitandani, khanga mdomoni, anakohoa. Akaniambia ni vumbi. Nilimbeba mwenyewe. Mama amekuwa mwepesi, hujui alivyo mwepesi.

Yuko wodini kwangu, kitanda cha dirishani, anapumua kwa mtungi. Fundi cherehani yuko upande wa pili wa pazia. Kinyozi hayupo tena, na sikutaka kukuandikia hilo, ila sasa sioni kwa nini wewe ulindwe.

Kuja kumwona hairuhusiwi, usijaribu. Ukitaka kumfanyia mama kitu, toka kwenye hilo goli. Simama mbele ya wenzako, uwaeleze mama yako yuko wapi na ugonjwa ameupatia kwenye kiti gani. Wao pia wana mama zao. Watakufuata. Usipofanya hivyo, mimi sina mdogo, na watu wakiniuliza nitawajibu hivyo hivyo.

Dada, kwa leo


11 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Nijibu hilo kwanza kabla hujaanza kunisema.

Nimetoka. Furahi. Niliwaita wote kwenye chumba cha kulia, nikawaeleza kila kitu, kiti, sebule, mtungi. Nililia mbele yao, mimi ambaye hata goti lilipovunjika sikulia. Kila mtu akawa anatazama sahani yake. Beki wa kushoto akasema, "Nahodha, pole sana, mama yako ni mama yetu." Kisha kocha akapuliza filimbi wakaenda mazoezini. Wote. Hata mshambuliaji wetu, ambaye nilimsimamia harusi yake.

Meneja amenirudishia simu ndani ya bahasha kama mtu anayetoka jela. Amesema mkataba nimeuvunja mwenyewe, nisije nikamsumbua. Ulisema watanifuata. Amenifuata dereva wa jezi peke yake, tena kwa sababu ndiye aliyekuwa ananiendesha!

Jumamosi wanacheza. Yule kijana wa akiba atakuwa langoni, na kitambaa cha unahodha amepewa beki. Ligi haikusimama hata dakika moja. Nimepoteza kila nilichokuwa nacho, na wodini kwako hajapungua mgonjwa hata mmoja. Umeridhika?

Nimepanga chumba nyuma ya karakana ya magari. Nimekupigia mpaka kidole kimechoka na hupokei. Mwambie mama nimetoka kwa ajili yake. Au mpe simu nimwambie mimi.

Mdogo wako, kama bado unaye


15 Juni

Mdogo wangu,

Mama yuko hai. Simu zako sipokei kwa sababu nikisikia sauti yako nitakutukana au nitalia, na nikiwa zamu siruhusiwi yote mawili.

Sikumwambia kwamba umetoka. Nilikusudia kumwambia Jumamosi jioni, nikimsafisha. Lakini mchana aliomba redio. Nikaiweka karibu na mto. Mtangazaji akaanza kusoma kikosi, na unajua wanaanza na kipa. Akataja jina la yule kijana.

Mama akafumbua macho. Akasema, "Ameupata. Mwanangu ameupata na mnanificha." Nikamwambia mama haumwi, haki ya Mungu haumwi. "Basi mbona hayupo?" Kile kifaa cha kidoleni kinachopima hewa ya mwilini kikaanza kulia, namba zinashuka mbele ya macho yangu. Ningemjibu nini? Kwamba mimi ndiye niliyekutoa? Mama huyu ambaye ameweka picha yako ya timu ukutani na yangu ya kuhitimu kabatini?

Nikazima redio. Nikasema, "Mama, hao ni timu ya vijana, wanatangulia. Mechi yenyewe inasikika kwenye redio ya ofisini kwetu, nitakuwa nakuletea habari."

Akaniamini. Sasa unanijua mimi na mpira. Nilitoka koridoni, nikasimama kidogo, nikarudi.

"Amedaka," nikasema.

"Amedaka nini?"

"Mpira."

"Ulipigwa na nani?"

"Mtu mmoja mrefu."

Nikaona kifaa kimenyamaza. Nikatoka tena, nikarudi na goli. Nikatoka, nikarudi na goli jingine. Mara nikasema mwamuzi amepuliza kwa sababu wewe umeotea. Loo! Mama alivua barakoa ya oksijeni, kwa mkono ule ambao asubuhi haukuweza kushika kikombe, akaniambia, "We mtoto! Kipa amesimama golini kwake anaoteaje?" Fundi cherehani alicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa. Namba zikapanda. Nilizitazama zikipanda.

Tulishinda saba bila. Alinitazama sana, akauliza, "Saba?" Nikasema wapinzani walikuwa wamechoka. Akalala usingizi wa kwanza tangu afike.

Tangu jana ananiuliza Jumamosi hii mnacheza na nani, na nikisema sijui ananitazama kama ananipima. Daktari anasema wiki hii ndiyo ya kuvuka. Mimi nimeishiwa, sina mechi nyingine kichwani, na akigundua kwamba namdanganya ataamini tu kwamba wewe una ugonjwa, na mwili wake hautastahimili.

Sikuombi radhi. Mpaka leo nasema ligi hii ni wendawazimu, na waliobaki kuicheza wasinisalimie. Lakini nimeona pia nilichokunyang'anya, kwa sababu nimelazimika kukitunga nikiwa nimesimama koridoni.

Usiniandikie salamu. Usiniandikie lawama, zilizopo zinanitosha. Niandikie mechi. Nzima, na wewe uwe langoni. Andika herufi kubwa, miwani yangu inajaa ukungu.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Sijakusamehe. Nimeona niliweke hilo mbele ili tusidanganyane. Sasa soma polepole, na usirukeruke.

Kipa haotei golini kwake. Tumekulia nyumba moja, huoni aibu?

Tunacheza na wale wa jezi za kijani. Mwambie mvua imenyesha asubuhi, uwanja unateleza. Mama atauliza nimevaa glavu zipi. Sema zile za njano, ndizo za mvua. Usingoje aulize mara ya pili.

Mwanzoni usilete chochote. Mpira unachezwa katikati, unachosha. Nenda ukamhudumie mtu mwingine, urudi ukiwa na uso wa mtu aliyechoshwa. Mama atasema hawa wamekula sana mchana.

Kisha kona. Inapigwa kutoka kulia, mimi natoka langoni, naupangua kwa ngumi. Ngumi, dada, si kudaka, mpira umelowa. Naangukia goti. Hapo mama ataogopa, kwa hiyo mwambie haraka kwamba nimeinuka, nachechemea, nimemfukuza daktari wa timu kwa mkono. Goti halijambo.

Mapumziko ni bila kwa bila. Mpe maji.

Kipindi cha pili tunatangulia. Kichwa, beki wa kushoto, krosi nzuri. Mpe goli yeye ingawa hastahili. Baada ya hapo wanatushambulia mfululizo, na mimi nadaka tatu. Ya kwanza ya chini kushoto. Ya pili nimeuparaza mpira kwa vidole tu. Ya tatu ana kwa ana na mshambuliaji wao, namfuata, namlalia miguuni, nautoa mpira bila kumgusa. Hiyo ya tatu isimulie taratibu. Nimeiandika mara nne, karatasi tatu nimechana. Nilikuwa nimebakiwa na mechi kumi na moja hadi nistaafu, na hii ndiyo niliyoipata, mezani kwa mtu, nyuma ya karakana, huku wanagonga bodi la gari. Nimelia, na fundi magari amenisikia.

Halafu wanasawazisha. Lazima wasawazishe, mama hakubali saba bila mara mbili. Ni mkwaju wa mbali, umemgonga beki, umenipoteza. Usiseme nimezembea.

Dakika ya mwisho, beki wao anaushika mpira kwa mkono ndani ya boksi, peupe, kila mtu ameona. Mwamuzi anaashiria mchezo uendelee.

Ukifika hapo nyamaza. Mama atamtukana huyo mwamuzi, yeye na shule aliyosomea. Hata akivua barakoa, usimkatize. Mwache amalize.

Mdogo wako