Miti Niliyoipaka Nyekundu

Jumatatu, 4 Agosti
Mtumbwi umechelewa tena. Nimefika kisiwani jua limeshakuwa kali, buti zimejaa maji, nimenuna. Nimepima hadi alasiri. Utepe kwenye shina, soma, andika, mti mwingine. Mwaka mzima nimetumia vibao vya bati kuitambua miti yangu. Kutu imevila. Leo nimeipaka yote mkanda wa rangi nyekundu, kimo cha kifua, ili mwezi ujao nipime palepale. Inaonekana hata kutoka mtoni. Safi kabisa.

Mama Feza, ninayelala kwake nikiwa huku, amenipa pondu, majani ya mihogo, na samaki. Hakusema mengi. Siku nyingine haniachi nipumue kwa maswali.

Jumatano, 6 Agosti
Kisangani. Tumepata ufadhili! Mimi na Bienvenu, mwenzangu wa masomo ya mazingira ya maji. Mwaka mmoja kwenye kisiwa cha bahari, kusoma matumbawe. Mimi ambaye maji ya chumvi nimeyaona kwenye sufuria tu.

Sharti ni moja: kutetea tasnifu kabla Septemba haijaisha. Bienvenu ameshamaliza. Konokono wake wamo kwenye chupa, hawaendi popote. Mimi nimebakiza kipimo kimoja. Nimetembea mjini bila kujua naenda wapi, nikarudi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimevuka mto kwenda Lubunga kwa mama. Ameuliza kama bahari ina ng'ambo. Nimesema inayo, ila haionekani. Akasema basi hiyo si ng'ambo.

Nimekaa nje, nimeegemea ukuta pale pasipokubali chokaa. Siwezi kutulia. Kitabu nafungua, nafunga. Mama amenitwika kapu la mihogo, labda kazi itanituliza. Haikunituliza.

Ijumaa, 22 Agosti
Hakuna la kuandika. Mvua. Nataka Septemba ije.

Jumatatu, 1 Septemba
Miti haipo.

Imekatwa yote. Niliyoipaka tu. Mingine imesimama kama kawaida. Magogo hayapo pia, wameyasukuma mtoni. Nimezunguka kiwanja kizima nikishika visiki kana kwamba nitakuta mti mmoja ulionusurika. Hakuna.

Nimempigia Mama Feza kelele mbele ya majirani. Nimemwita mwizi. Alikuwa anapaa samaki, akaendelea kupaa. Nimeondoka bila kula.

Jumanne, 2 Septemba
Msimamizi wangu amenisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Bila kipimo cha mwisho hakuna tasnifu. Nianze upya, mwaka mwingine. Ametamka polepole, kwa huruma. Huruma yake imenichoma zaidi.

Bienvenu amenifuata nje. Kwake ni jambo dogo: "Bon, uandike tu chiffres, namba zozote. Miti inakuaka kidogo-kidogo, unajua. Nani atapanda mtumbwi kwenda kuangalia visiki?"

Hakuna. Kweli hakuna atakayekwenda. Nimewaza jambo hili siku nzima na naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia: nataka kufanya hivyo.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimerudi kisiwani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote, ya kumshitaki kwa chifu, ya kudai. Mama Feza amenipa kiti kwanza.

"Étudiante, ile rangi tunaijuaka. Kule mu mji walipaka croix, musalaba ya rouge, ku nyumba ya dada yangu. Kiisha wakabomoa. Sisi tukasema, kisiwa kimeuzwa. Tukikata miti yenye alama, ule mununuzi atajua wapi mupaka?"

Nikamwuliza mbona hawakuniuliza mimi.

"Ungetuambia kweli?"

Chifu sikumtaja tena. Maana mimi ninaijua ile rangi kuliko anavyodhani. Ukuta wa mama, Lubunga, pale pasipokubali chokaa, palipakwa msalaba mwekundu nilipokuwa mdogo. Mama aliusugua kwa mchanga na majivu hadi vidole vikatoka damu. Hawakuja kubomoa, wala hatukuambiwa kwa nini. Lakini doa halikutoka, na sisi tulilala na virago vimefungwa hadi tukachoka kuogopa.

Nami nimepanda mtumbwi na kopo la rangi ileile. Nikaona safi kabisa.

Nimeomba radhi, kwa rangi na kwa lile neno mwizi. Mama Feza akasema tule kwanza.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimemwambia Bienvenu hapana. Nikiandika zile namba, kwenye tasnifu yangu miti itakuwa imesimama na watu wa kisiwa hawakuogopa kitu. Siwezi. Ameniita mjinga, kisha akaninunulia soda.

Nimelia nyuma ya toleka, baiskeli ya kubebea abiria, njia nzima. Mwendeshaji amejifanya hasikii, akawa anapiga kengele hata pasipokuwa na mtu. Naitaka bahari. Naitaka bado.

Jumapili, 28 Septemba
Bienvenu ameondoka. Sikwenda kumsindikiza. Nina wivu, basi.

Msimamizi amekubali mada mpya: kinachoota baada ya kukatwa.

Jumatatu, 6 Oktoba
Kisiwani tangu asubuhi. Visiki vimechipua karibu vyote. Tulikubaliana wiki iliyopita, mbele ya watu wote: alama itakuwa kitambaa, na kila nyumba itatoa kipande cha liputa lake, kitenge cha kujifunga. Leo vimeletwa. Bluu, manjano, kimoja chenye samaki, kimoja chenye uso wa mtakatifu ambaye hatumjui. Mama yangu naye, kule Lubunga, alinipa kipande cha liputa lake la kwendea misani. Alikikata mwenyewe, hakuuliza ni cha nini mara mbili.

Bienvenu ametuma sauti ya mawimbi. Nimemsikilizisha Mama Feza. Ameweka simu sikioni muda mrefu.

"Iko napumuzika," akasema. "Ya kwetu haipumuzikake."

Tukasikiliza maporomoko ya mto.

Kisiki cha kwanza, kilicho karibu na mlango wake, nimekifunga kitambaa cha mama. Chipukizi ni refu kama kidole changu. Nimeandika. Mama Feza ameuliza nitarudi lini. Mwezi ujao, nimemwambia, na ule wa baadaye.