Pazia la Dirisha la Ziwani

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya kwako yalikuwa nalo, Baba, tena la kitenge, na ulilishusha kwa mkono wako mwenyewe.

Mwaka umetimia tangu ututoke, Feliksi Ntiyamila, mchoraji wa Mwanga.

Tunakukumbuka ulivyopanda bodaboda alfajiri hadi Kalinzi, ukakaa pembeni mwa mashamba ya kahawa kutazama mabonde yanavyoteremkia ziwa. Hukubeba penseli wala karatasi. Wakulima uliowasalimia "mwakeye" walidhani umetumwa kupima ardhi yao. Ukirudi ulikunywa uji, ukalala kidogo, ukashusha pazia la dirisha linalotazama ziwa, ndipo ukashika brashi.

"Nikiliona nitalinakili," ulituambia. "Nangoja mengine yasahaulike. Kitakachobaki ndicho nilichokiona."

Kilichobaki kilikuwa mkanda wa buluu, wekundu wa udongo, na uwazi mpana ambao wageni hawakujua wauite nini. Mzee Castory wa Katonga, uliyemwandikia jina ubavuni mwa mtumbwi wake, aliutazama akaguna.

"Feliksi, samaki wako wapi hapa?"

"Wamepita, mzee. Umechelewa."

Ulikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuomba radhi. Wajukuu walipompaka mbuzi wa jirani yetu Mama Mwanvua rangi zako, ulikwenda mwenyewe kuinama mlangoni kwake, ukamsifia na mbuzi. Ila kwa picha hukuwahi kumwomba mtu radhi.

Ukimaliza picha ulipandisha pazia, ukatuita. Siku uliyotutoka tulikuta pazia limepandishwa, na picha yako ya mwisho ikitazamana na ziwa, katikati yake peupe.

Wiki iliyopita, tukijiandaa kwa misa yako ya mwaka, kaka yako Dismasi alikuja na fundi wa mabango amalizie picha ile kwa kuweka mtumbwi pale katikati. Fundi alikwishachovya brashi. Edina, kifungua mimba wako, akasimama kati yake na ukuta.

"Fundi, rudisha brashi kwenye kopo."

"Mwanangu," akasema baba mkubwa, "nataka watu waone ndugu yangu alichora kitu."

"Alichora, baba mkubwa. Na alimaliza. Pazia lilikuwa juu."

Mama alimpokea fundi kopo lake, akamsindikiza hadi barabarani. Wageni waliokuja kwa maandalizi wote waliona.

Sasa ukoo unataka tutumie kumbukumbu hii kumtaka radhi mkubwa wetu. Baba mkubwa, shikamoo. Tunakupenda, na kiti chako mezani kiko palepale.

Baba, unakumbukwa na mkeo Marcelina, wanao Edina na Oswald, wajukuu wako, na kaka yako Dismasi, ambaye bado amenuna lakini jana alikuja akasimama mbele ya picha mpaka chai ikapoa.

Hututoki moyoni, Baba. Picha iko ukutani, uwazi wake mzima.

Radhi hatuombi.