Kikao cha dharura kuhusu tuhuma ya kunakiliana fumbo la meza

KAMATI YA DARASA LA JIONI LA WATU WAZIMA
Jumamosi, saa kumi alasiri, chumba cha kufulia, ghorofa ya chini

Waliohudhuria: Mwenyekiti (kinyozi), Mama Cherehani, Dobi, Seremala, Katibu.
Mgeni: Mtahini kutoka chuoni.
Hakuhudhuria: Mweka hazina, bila udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/ TUHUMA
Mtahini alieleza kwamba katika fumbo la meza wanafunzi wetu wote waliandika k na n badala ya x na y, na wote walimalizia "tumerudi ukumbini". Chuo kimeamua kwamba walinakiliana. Atakayetia saini kukiri atarudia mtihani. Atakayekataa atafutiwa matokeo. Mama Cherehani anayahitaji matokeo hayo ili aanze mafunzo ya ukunga.

KUMB. NA. 2/ MAELEZO YA KATIBU
Katibu alieleza kwamba darasa lilianzia chini ya turubai, katika mji tulioukimbia, bila ubao. Mafumbo yalisomwa kwa sauti, na kila kisichojulikana kilipewa herufi ya jina lake, ili aliyeketi nyuma asisahau kinachotafutwa. Ukumbi una meza kumi na moja, viti hamsini na vinne. Kubwa ina viti sita, ndogo vinne:
k + n = 11
6k + 4n = 54
Mlinganyo wa kwanza ukizidishwa kwa nne ni 4k + 4n = 44. Ukiutoa kwenye wa pili, 2k = 10. Kubwa tano, ndogo sita. Kisha jibu hurudishwa ukumbini kuhakikisha kila mtu ameketi. Turubai lile halipo tena, wala mji ule. Desturi hii ipo.

KUMB. NA. 3/ MJADALA
Mtahini alisema, "Shemeji, saini tu, uandike x, yaishe." Mama Cherehani alimjibu kwamba familia zao hazijaoana, na kwamba akibadili herufi atakuwa amekiri wizi. Dobi aliuliza kama huyo x ndiye aliyebeba viti. Mwenyekiti aliomba utulivu, ingawa naye alikuwa akicheka. Mtahini alisema watu wa hali yetu tungeshukuru kupewa nafasi ya pili. Seremala aliombwa aketi. Aliombwa tena.

KUMB. NA. 4/ MAAZIMIO
Hakuna atakayetia saini. Jumatatu wote watakwenda chuoni, waketishwe vyumba tofauti, wapewe mafumbo mapya. Watatumia herufi zao. Mama Cherehani aliulizwa kama yuko tayari kuukosa ukunga. Alisema, "Niko tayari, kaka. Andika."

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA
Mtahini aliomba maneno yake kuhusu watu wa hali yetu yafutwe. Kamati ilikataa kwa kauli moja. Alisomewa maneno hayo polepole, akathibitisha kwamba ni yake, na kikao kikafungwa saa kumi na moja na nusu.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................