Kitabu cha Geti

Mdogo wangu Mheshimiwa,

Huku hatujambo, ila kikohozi cha shemeji yako hakisikii dawa. Watoto walikusikiliza redioni, wakashangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Ulimbana waziri kweli kuhusu geti la reli, pale alipofia mama. Akajibu kwamba kitabu cha geti kinasema geti ni "zima" kila siku, hata siku ile. Ukafoka kwamba karani aliyeandika hivyo ni muuaji, na utamsaka mpaka umpate.

Usihangaike. Si karani. Kitabu hicho nakiandika mimi.

Geti halishuki tangu mvua za mwaka jana. Nazuia watu kwa kitambaa chekundu. Lakini msimamizi alituambia atakayeandika "bovu" atakaa nyumbani mpaka litengenezwe, na reli yetu unaijua. Siku ile nilikuwa ng'ambo ya reli nikibishana na dereva wa lori. Mama aliona geti liko juu, akajua mwanawe yuko kazini, akavuka.

Simama tena bungeni, unitaje. Maana leo asubuhi nimefungua kitabu, na mkono umeandika "zima" kabla sijaketi.

Ni mimi dada yako, wa getini.