Taa Inanisaidia

Jumatatu, 3 Machi

Nimewaficha wote, na sina tena muda wa kuficha: taa ya kliniki inanisaidia. Macho hayanichomi tena. Lakini kila asubuhi nalalamika kama mtoto.

Tezi ya shingo ndiyo iliyoyasukuma nje. Yakakauka, kope zikashindwa kufumba. Watu hudhani nimewakasirikia. Hawajakosea!

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Nesi kanipaka jeli ya baridi mashavuni, kanifunika macho kwa vikombe vya chuma. "Mzee, legeza uso, hatupigi picha ya kitambulisho." Mwanga wa taa—pa! pa!—hadi karibu na masikio. Kisha akaniminya kope, mafuta yatoke. Eti mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi yasikauke.

Daktari akauliza kama nimepata nafuu. Hata kidogo, nikasema. Binti yangu, kitinda mimba, akashusha mabega. Aliacha darasa analofundisha aje kunitia dawa ya matone.

Moyo wangu hautafika mbali, daktari hakunificha. Hilo sikulijali. Kilichonipandisha hasira ni yeye kumwuliza binti yangu atarudi lini kazini. Inamhusu nini!

Jumatano, 12 Machi

Kesho wanapima machozi. Nimejifungia chumbani, nikakaa mbele ya feni, macho wazi, mpaka yakawa kama yamejaa mchanga. Msomi mzima!

Akagonga. "Baba, feni tena? Unataka yakauke kabisa?" Nikamfokea aondoke. Akaondoka—akarudi na matone. Wema wake unaniudhi kuliko matusi.

Alhamisi, 13 Machi

Kipimo kibaya. Daktari kakuna kichwa: wagonjwa wengine wa tezi taa imewafaa, kwa nini si huyu mzee?

Hapo hapo koridoni binti yangu akampigia mkuu wa shule. Watafute mwalimu mwingine, baba bado hajapona. Alisema kwa adabu. Nikamkasirikia yeye, daktari, nesi, kila mtu—hasira ikanirudia mwenyewe.

"Yamepona!" nimepiga kelele. "Tangu mara ya pili ya taa. Mimi ndiye ninayeyakausha, kwa feni!"

Akakata simu. "Kwa nini, baba?"

Nikamwambia asinihoji kama mwanafunzi wake.

Naandika nikiwa kwenye benchi. Yeye yuko dirishani, kanipa mgongo. Simu inaita mkononi mwake, bila shaka ni mkuu wa shule. Hapokei. Anangoja jibu langu. Nalo ni fupi, haliniui kulisema, na bado limenikaa kooni: naogopa kufa yeye akiwa hayupo.