Kengele ya Mama Mkwe

Temeke,
14 Julai 1974

Kaka Gregori,

Shikamoo, na shemeji naye mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Hamjambo huko Masasi? Mguu wako umepona, au bado unaukanda kwa maji ya moto? Sie huku wazima. Margareta tumbo limekuwa kubwa na miguu imemvimba, lakini anakula vizuri, na kunikaripia ananikaripia vizuri pia.

Barua hii naomba uisome ukiwa peke yako.

Unajua mama mkwe yuko kwetu tangu mwanzo wa mwezi. Hakuja kutembea, kaka. Alikuja kuwachukua Albano na Adelina akawalee mwenyewe kijijini, na haki anayo, maana kwetu watoto ni wa upande wa mama yao. Alisikia mkutanoni kwamba sie wa mjini ni kupe, tunakaa kivulini tukinyonya jasho la wakulima, akaona wajukuu zake hawawezi kulelewa na kupe. Margareta alilia. Mie ningemjibu mkwe kwa mdomo upi?

Na ujue nyumba yenyewe ni chumba na ukumbi, na mwiko wetu wa mkwe unaujua: hatutazamani, hatusemeshani, sembuse kugusana. Nilihamia kwa jirani yangu Jamali, yule fundi viatu, nikawa nalala huko. Mama mkwe akikaa mlangoni, mie napita nyuma ya choo. Nikimwona njiani, nachepuka, ila Temeke hakuna tena kichaka cha kuchepukia. Siku moja nilijikuta jikoni kwa watu nisiowajua, ikabidi niulize bei ya mkaa, na wenyewe hawauzi mkaa. Maneno yangu yote kwake yalipitia kwa Albano. Nilikuwa nasimama nyuma ya ukuta namwagiza amwambie bibi yake maji ya kuoga yako tayari, naye Albano ananijibu kwa sauti kwamba bibi amekwisha sikia mwenyewe, si kiziwi.

Basi wiki ya Saba Saba shule moja ya sekondari huku kwetu ilifungua ukumbi wake wa sayansi, watoto waingie wajionee. Margareta akasema wanawe hawaondoki Dar bila kuuona. Miguu ikamkatalia kwenda, hivyo nikawapeleka mie. Nilitangulia, mama mkwe na watoto wakanifuata kwa mbali, na mie sigeuki nyuma. Jamali alipotuona alisema natembea kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi.

Kule mwalimu akatuambia kila kitu ni cha kushikwa, kuzungushwa na kujaribiwa. Wanangu wakaweka mikono nyuma, wima. Bibi yao alikuwa amekwisha wafundisha kwamba kwa watu hakuguswi kitu. Mwalimu aliwabembeleza mpaka akatoka jasho, na Adelina kila kitu anamwomba bibi ruhusa kwanza. Walipozoea, hawakukamatika tena. Walinyanyua misumari kwa sumaku, wakapiga pampu hadi wakatulowesha. Kulikuwa na kioo kinachomnenepesha mtu, mama mkwe akajiona humo akacheka kwa sauti. Tangu nimuoe Margareta sijawahi kumsikia akicheka.

Halafu ikaja kengele. Ilikaa juu ya meza, na kila upande wa meza kuna chuma. Familia inajipanga, huyu anamshika mkono huyu, umeme mdogo kama wa tochi unawapitia wote na kengele inalia. Sheria ya pale ilikuwa vyuma ni vya watoto, wakubwa wakae katikati. Albano akashika chuma na mkono wa bibi, Adelina akashika chuma na mkono wangu. Katikati tumebaki mie na mkwe wangu, kila mmoja anatazama ukuta wake.

Nilitoa kitambaa cha jasho, nikashika ncha moja, yeye nyingine. Kimya. Akatoa upindo wa kanga yake. Kimya vilevile. Mwalimu akaeleza kwamba umeme haupiti kwenye nguo kavu, unataka mwili. Nikamnong'oneza kwamba huyu ni mkwe wangu. Mwalimu wa watu, mwenyeji wa mbali asiyejua mila zetu, akasema basi vizuri, kumbe ni mama yako. Waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika, na Albano akaanza kulia.

Kaka, nilishikana mkono na mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyeushika, lakini mie sikuutoa. Mchana, mbele za watu.

Kengele ikalia. Mie nimefumba macho. Watoto kwa furaha wakagoma kuachia vyuma, kengele inalia tu, na sie tumeshikana tu. Ndipo nikahisi kidole gumba chake kinanipapasa kiganja, pale palipoota sugu kwa kushika tezo ya kuchongea, taratibu, kama mtu anayeangalia iwapo mahindi yamekauka.

Kurudi nikatangulia tena. Nilimweleza Margareta, akaanza kukunja nguo za watoto huku analia, akisema sasa nimeharibu kila kitu. Asubuhi nikawa barazani kwa Jamali nachonga, Adelina akaja ametumwa. Akasema bibi anaondoka Alhamisi, peke yake. Akasema bibi amesema alidanganywa, mkono ule ni wa mtu anayefanya kazi, watoto wakae kwa baba yao. Na Albano aonywe asichokonoe pua.

Nililia, kaka. Jamali alidhani nimejikata.

Lakini mwiko ni mwiko. Albano amekwisha itangaza habari hii Temeke nzima, na watu wa basi la Kusini hawana siri. Nakuomba umpelekee mzee mkwe jogoo mzuri, umwombe radhi kwa niaba yangu kabla hajasikia kwa wengine. Akiuliza ilikuwaje, mwambie ni umeme.

Wasalimu wote, shangazi hasa. Margareta na watoto wanawasalimu. Mama mkwe pia anawasalimu sana. Amekuja mwenyewe hapa barazani sasa hivi, akasimama karibu yangu, akaniambia kwa mdomo wake, bila mtoto katikati, mwanangu, nami uniandikie salamu zangu. Hilo mzee usimwambie.

Ni mimi mdogo wako,
Kornelio